Mvua Isiyolowesha

Jumatatu, 3 Machi

Mama kaanua nguo mara tatu leo. Jua kali, hakuna wingu hata la kusingizia. Mara tatu! Jirani wa ghorofa ya chini kanipigia simu kazini kuuliza kama kuna jambo nyumbani, maana mama anashuka ngazi mbio, anaanua vitambaa vyote, anatazama juu, anavianika tena.

Nimemuuliza jioni. Kasema anasikia mvua.

Ni kifaa. Amekivaa tangu Ijumaa – kisaidizi cha kusikia, cha kwetu wenyewe, cha kwanza kutoka karakana yetu kikiwa kizima. Viko vitatu tu. Viwili viko kwenye meza ya fundi, kimoja kiko sikioni mwa mama. Nilimvalisha kwa mikono yangu. Nikasimama nyuma ya mgongo wake nikanong'ona, "Chai ina sukari?" Akajibu, "Umeizidisha." Nikaenda bafuni nikafungulia bomba ili nilie vizuri. Miaka sita nilikuwa naongea naye kwa mikono na kwa karatasi.

Na sasa mvua. Shaaa, anasema, haikatiki, na pakiwa kimya ndiyo inazidi. Nimemwambia atazoea. Masikio yamekaa miaka sita bila kazi, lazima yashtuke.

Nimesema bila kusita, kwa sababu kelele ya saketi hiyo niliipigia hesabu mimi. Ni ndogo kupita kiasi. Hata paka asingeisikia.


Jumanne, 4 Machi

Sina raha. Nimefungua tena ripoti yangu, ukurasa wa kumi na nne. Grafu imelala kama shuka lililopigwa pasi. Chini yake saini yangu.

Hesabu haiwezi kuwa mbaya. Kila rezista yenye joto ina kelele yake, umeme ndani yake unatetemeka ovyo hata usipoguswa, hilo halikwepeki. Kuna njia fupi ya kuijumlisha kelele hiyo, lakini inataka saketi iliyotulia. Yetu haitulii. Inajizima na kujiwasha maelfu ya mara kwa sekunde ili betri idumu wiki nzima. Kwa hiyo nilipita njia ndefu: kompyuta inaifuata saketi hatua kwa hatua, kipande kidogo cha muda baada ya kingine. Na ukiiga hivyo waya zote ziko kimya kabisa. Kelele lazima uitie mwenyewe. Kila hatua, kila rezista, kila transista, unarusha dadu upate namba ya kubahatisha. Miezi sita nimerusha dadu mimi.

Najieleza kwa nani? Daftari hili halijawahi kuniuliza swali.

Bosi Tayari kapita mezani kwangu. (Tunamwita hivyo kwa sababu ukimuuliza chochote, jibu ni tayari. Hata chakula kikiwa bado kibichi.) Michoro inakwenda kiwandani Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14, saa kumi jioni. Kiwanda kikishapiga chapa hakuna kufuta. Vifaa elfu tano vitatoka na saketi ile ile, vitaingia kwenye masikio ya watu elfu tano. Kaniuliza, "Mama anasemaje?"

Nikasema anasema vizuri. Mvua nikaimeza.


Alhamisi, 6 Machi

Nimegombana na Risasi. Ndiye anayelehemu kila kitu hapa karakana, jina kapewa na kazi yake. Mtu mpole, mwenye vidole vilivyoungua hadi havisikii moto.

Kaniita nione. Amekiweka kifaa kimoja kwenye oskiloskopu, chombo cha kuchora mtetemo wa umeme, mdomo wa maikrofoni ameuziba. Mstari wa kwenye kioo ulitakiwa uwe mwembamba. Ulikuwa mnene, unachemka. Amepima: mara nne ya grafu yangu.

Nikamwambia ni feni yako. Akasema, "Dada, hii feni nakaa nayo kuliko ninavyokaa na mke wangu. Siyo yeye." Akaizima. Mstari ule ule. Nikasema basi ni taa za jengo. Akachukua kopo la biskuti, la bati, akatia kifaa ndani, akafunga mfuniko, akatoboa tundu la waya. Ule ule. Nikasema kopo la biskuti siyo chombo cha maabara.

Alipangusa makombo mezani tu.

Sijui kwa nini nilibisha hivyo. Najua kwa nini.


Ijumaa, 7 Machi

Hatua! Nimezinduka nikiwa nasugua meno. Labda nilipiga hatua ndefu mno. Ukirusha dadu mara chache, kelele za haraka haraka zinapita katikati bila kuhesabiwa.

Nimekata hatua nusu. Halafu nusu ya nusu, na ukubwa wa kila kelele nikaurekebisha ufuate hatua mpya, ndiyo kanuni. Kompyuta imezunguka tangu asubuhi hadi saa tisa, feni yake inalia kama mbu. Mimi nimezunguka nayo – dirishani, mezani, dirishani. Nimekunywa vikombe sita vya chai.

Jibu halikubadilika hata kidogo. Grafu bapa.

Nilifurahi. Furaha ya aina mbaya, kama ya mtu aliyemshinda mgonjwa mieleka.


Jumamosi, 8 Machi

Leo nimefanya jambo.

Niliamka nikamkuta mama kwenye cherehani yake, sikio tupu. Kifaa kakitia kwenye kopo la pini. Nikamuuliza kwa mikono, vipi? Akasema, "Mwanangu, kinavuja."

Kinavuja! Mama ni fundi wa cherehani miaka thelathini. Zamani akiwa jikoni aliweza kuniambia mimi niliyeko sebuleni kwamba sindano imekuwa butu, kwa mlio tu. Nilipaswa kukumbuka hilo. Badala yake nikaenda kuchukua ripoti. Mtu mzima na akili zangu nikamwekea mama yangu grafu mbele ya kitambaa cha mteja, nikaanza kuandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: HII NDIYO KELELE. IKO WAPI?

Akaitazama kwa adabu. Akageuza ukurasa, akarudisha. Akasema, "Karatasi haina masikio." Akachukua kifaa kutoka kwenye kopo akawa anakivaa, labda ili tusemezane vizuri. Mimi nilishageuza mgongo. Nilidhani hasikii. Nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, peke yangu tu, "Sikio la kufa halisikii dawa."

Nilipogeuka mkono wake ulikuwa bado sikioni. Kifaa kilikuwa kimewaka. Kilifanya kazi vizuri kabisa.

Alikanyaga cherehani akaendelea na mkunjo wake.


Jumapili, 9 Machi

Mama kavaa kifaa tangu asubuhi. Hajashuka ngazi hata mara moja. Vitambaa vimekaa kwenye kamba hadi vikakauka vyenyewe – pamba huifua kwanza inywee ndiyo aikate, hakuna mteja anayerudisha nguo iliyobana.

Nikamuuliza: na mvua?

"Hakuna mvua." Kisha akatabasamu. "Ulisema nitazoea."

Akaomba fomu ya majaribio, ile bosi anayoidai. Kaijaza mwenyewe, akakataa nimsaidie. Penye maoni ameandika kwa mwandiko wake wa kulala: Sauti ni safi. Mvua hakuna. Ahsanteni sana.

Basi mambo yamekwisha. Mbona mikono haitulii? Nimeosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Nilitaka kumwomba radhi kwa yale ya jana, nikafika hadi mlangoni mwake, nikamuuliza kama anataka chai.


Jumatatu, 10 Machi

Nimepeleka fomu. Bosi Tayari kaisoma kwa sauti mbele ya wote, kaiweka kwenye faili, kalipiga faili kofi la mapenzi. Risasi hakuinua kichwa.


Jumanne, 11 Machi

Nianzie wapi. Naandika mbio, mwandiko huu hata mimi sitausoma kesho.

Asubuhi Risasi kaja na kopo lake la biskuti chini ya kwapa. Hakuja kugombana. Kasema, "Mimi sijui hayo ya kompyuta. Ila kitu kikinisumbua, natoa nusu. Nikisikia bado kinalia, nimejua nusu ipi. Hebu toa nusu."

Nikakubali ili aondoke.

Mlango wa saketi yetu, pale sauti inapoingilia, una mikono miwili, kushoto na kulia, kama mizani. Kinachoigusa mikono yote sawasawa kinatupwa, inapita tofauti tu. Ndivyo inavyokataa takataka za simu na redio. Basi kwenye kompyuta nikazima kelele zote za mkono wa kushoto. Nikaacha kulia. Nikabonyeza.

Kelele ikapanda.

Nikadhani nimebonyeza vibaya. Nikarudia. Nimetoa nusu ya kelele, na kelele imekuwa karibu mara tatu! Risasi akaniuliza, "Ni kawaida hiyo?" Nikasema siyo kawaida.

Nikachapa namba zenyewe kwenye karatasi. Dadu za kushoto safu moja, za kulia safu ya pili. Risasi akaweka kidole kwenye safu yake, mimi changu, tukashuka pamoja. Mstari wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Wa kumi, wa mia. Hadi tarakimu ya mwisho. Sawa, sawa, sawa.

Dadu za kompyuta siyo dadu za kweli. Unaipa namba ya kuanzia, tunaiita mbegu, na kutoka hapo inazalisha namba zinazoonekana ovyo. Mbegu ile ile, mfululizo ule ule. Niliifunga mbegu makusudi, ili jaribio la leo likirudiwa kesho litoe jibu lile lile. Huo ni utaratibu mzuri, hata vitabu vinausifu. Nilichagua mwaka aliozaliwa mama. Niliona ni kitu kizuri, siri yangu na yeye. Ila kila rezista nilikuwa nimeipa dadu yake. Na zote – zote! – nikazianzisha kwa mbegu hiyo moja.

Kwa hiyo mikono yote miwili ilitetemeka pamoja kila hatua, na mizani ikaitupa kelele yote kwa sababu haikuona tofauti. Ndiyo maana hata nilipokata hatua Ijumaa haikusaidia. Rezista mbili za kweli hazishauriani. Ya kushoto haijui ya kulia inafanya nini.

Nimeipa kila moja mbegu yake. Nikabonyeza. Mara nne. Namba ya Risasi kabisa, ya kopo la biskuti.

Nimeichapa grafu mpya. Ni mvua. Mvua nene, ya masika. Mama amekuwa akinyeshewa peke yake wiki nzima, na mimi nikamwambia ni masikio yake.

Nikamwambia Risasi, nisamehe ndugu yangu. Akasema hana kinyongo, ila nikipita dukani kopo linaweza kurudishiwa biskuti.


Jumatano, 12 Machi

Nimepiga moyo konde nikaingia kwa bosi.

Nimemwambia yote. Mbegu, mikono miwili, mara nne. Sikupamba. Mficha uchi hazai. Nikamwambia dawa ipo – transista za mlangoni ziwe pana zaidi, mimi na Risasi tumeshachora – tunataka wiki tatu tu.

Alinisikiliza hadi mwisho, sitamsingizia. Kisha akasema mwezi uliopita nilimletea ripoti nikamwambia nina hakika, na leo nimemletea nyingine nikamwambia nina hakika. "Mama, nishike hakika ipi?" Ananiita mama akiwa amechoka.

Nikamwambia vipimo vya Risasi. Kasema Risasi kapima ndani ya kopo la biskuti.

Halafu akafungua faili akatoa fomu. Akaigeuza ielekee kwangu. Sauti ni safi. Mvua hakuna. Akasema mtu mmoja tu ndiye aliyeivaa saketi hiyo kichwani, na neno lake hili hapa, na siyo mtu wa mtaani, ni mzazi wangu. Akasema kila kifaa kikikaribia kutoka, wahandisi hushikwa na homa. Yeye mwenyewe alishikwa nayo ujanani.

Mwishoni kalegea kidogo. Nimpe mama aseme mwenyewe, hata kwa simu. Ijumaa, kabla ya saa kumi. Akisema anasikia mvua, michoro inasimama. Asiposema – kamalizia kwa lile neno lake.

Jambo lenyewe ni dogo sana. Mama aseme tu alichokisema Jumatatu ile bila kusita.


Alhamisi, 13 Machi

Hasemi.

Nimekaa naye baada ya chakula cha mchana, nimeomba ruhusa kazini. Nimemwambia: mama, nilikosea. Hesabu ilikuwa yangu, kosa ni langu, mvua unayoisikia ipo. Nimemwonyesha grafu mpya. Nimepiga magoti, kweli, kwenye vipande vya vitambaa, pini moja ikanichoma.

Kanishika kichwa. Kasema, "Wewe tangu shule hukosei hesabu."

"Nimekosea, mama."

"Hakuna mvua, mwanangu."

Nikamuuliza: lakini ile sauti, shaaa, unaisikia au huisikii? Sasa hivi?

Akasikiliza. Nilimwona akisikiliza. Kisha akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kutunga uzi. Sauti ipo. Lakini siyo ya kifaa. Ni ya masikio yake yaliyozeeka, nilimweleza mwenyewe nikiwa na karatasi mkononi. Amejifundisha kuipuuza. Mwanzo ilikuwa tabu, sasa anaweza. Ikija anajiambia, ni mimi hiyo.

"Sasa unataka nimwambie bosi wako kifaa chako ni kibovu, na kumbe kibovu ni mimi? Nimdanganye mtu mzima?"

Nikalia. Akadhani nalilia kazi. Kanifuta na kipande cha bitana. Kasema kesho bosi akipiga atakisifu kifaa vizuri, nisiwe na wasiwasi, hataniangusha.

Nilimwomba radhi pia kwa lile la sikio la kufa. Nilitamka wazi. Kasema hakumbuki neno kama hilo. Anakumbuka.


Ijumaa, 14 Machi

Saa nane na nusu mchana. Niko nyumbani. Bosi kasema atapiga saa tisa. Nimepanga na kupangua nitakayosema, mara ishirini. Naweza kumwambia bosi kwamba mama ananilinda. Atasema, nani asiyelindwa na mama yake?

Mama yuko kwenye cherehani, mgongo kwa dirisha, pazia limefungwa kuzuia jua. Amevaa kanga safi – kwa ajili ya simu! Kifaa kiko sikioni. Nje kwenye kamba kuna mita nane za pamba nyeupe ya mteja, zimeshafuliwa, kesho ni kukata.

Saa tisa kasoro ishirini. Giza limeingia ghafla kwenye ukuta wa mbele. Nimesogea kwenye ncha ya pazia. Wingu.

Saa tisa kasoro robo. Inanyesha.

Inanyesha kweli. Matone makubwa, kisha yote kwa pamoja, kwenye bati la jirani, kwenye ndoo, kwenye mabomba. Kelele yote hii! Naandika nikiwa nimesimama, daftari ukutani.

Mguu wake umesimama kwenye kanyagio. Kichwa kimeinuka. Amesikia. Uso ule ule wa Jumatatu ile, uso wa mtu anayetaka kukimbilia ngazi. Mkono mmoja umeshashika meza ili ainuke.

Ameiachia. Ameinamisha kichwa. Midomo imecheza kidogo – najua anajiambia nini. Cherehani inaendelea.

Sisemi kitu. Naweza kushuka mimi nikaianua pamba, ni hatua thelathini tu. Sitaki. Nataka ainuke mwenyewe. Mama, inuka. Mita nane zile zinabadilika rangi, zinavuta kamba chini, ncha moja imegusa tope.

Mshono unakwenda umenyooka.

Simu inaita juu ya meza. Bosi. Mama ameisikia kabla yangu, mikono imeacha kitambaa. Lakini haigusi. Amegeuka, ananitazama usoni, anasubiri nimwambie kama inaita kweli.